Defender ya 300Tdi: Inaharibikia Wapi na Inakula Pesa Kiasi Gani

Tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Defender ya mwisho ya umbo la zamani, na ukoo wa Land Rover ulioanza mwaka 1948 ukafikia kikomo chake. Kaskazini mwa Tanzania habari hiyo haikupunguza kazi hata kidogo. Magari hayo yanapeleka watalii Ngorongoro, yanabeba magunia na abiria kwenda vijiji ambavyo basi halifiki, na mafundi wengi wa Arusha wamesomesha watoto kwa kuyatengeneza.

Linalotafutwa sana ni lile lenye injini ya 300Tdi: dizeli, silinda nne, lita 2.5, iliyoanza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994. Injini hii haiendeshwi na kompyuta, hivyo fundi mwenye spana na uzoefu anaweza kuishusha na kuirudisha chini ya mwembe. Kwa sababu hiyo wanunuzi wengi huamini kwamba haisumbui. Inasumbua, tena mahali palepale kila mara, na bili zake kubwa nyingi huanzia kwenye tone la maji au oili ambalo dereva aliliona asubuhi akawasha gari akaondoka.

Tatizo la kwanza ni kuchemsha. Silinda hedi ya 300Tdi ni ya aluminiamu, imekaa juu ya bloku ya chuma. Joto likizidi hedi hupinda, gasketi huungua, na maji hupata njia ya kuingia kwenye silinda. Swali la maana ni maji yalipungua kwa njia gani. Mara nyingi jibu liko mbele ya injini, pale mkono unaobeba alteneta na pampu ya maji unapokutana na bloku. Katikati yake kuna gasketi ambayo mafundi huiita P, kwa sababu ya umbo lake. Inavuja polepole mno, na matone hukauka juu ya chuma cha moto kabla hayajafika chini, kwa hiyo anayetafuta dimbwi chini ya gari haoni kitu. Fundi mzoefu huinama na tochi akatafuta michirizi iliyokauka, myeupe au ya rangi ya kutu, pembeni mwa bloku. Gasketi hiyo ni ya bei ndogo sana, na kazi ya kuibadilisha ni ya siku moja.

Vifuniko vya plastiki, kile cha juu ya rejeta na cha nyumba ya thamostati, navyo vina lawama yao. Joto la miaka huvikausha, vikapasuka siku gari linapopanda mlima na mzigo. Vya shaba vinapatikana kwa bei ya chini, na hakuna sababu ya gari la safari kubaki na vya plastiki. Feni nayo ina klachi yake ya mafuta mazito. Ikichoka, feni huzunguka kivivu injini ikiwa ya moto. Ongeza vumbi la Serengeti na mbegu za nyasi zinazojaa kwenye mapezi ya rejeta.

Mwenye gari akikosa kuyaona hayo, analipia hedi. Inavuliwa, inapimwa kama imepinda, inapelekwa kwenye mashine kusawazishwa, inakaguliwa nyufa. Kisha inachaguliwa gasketi. Kuna za unene wa aina tatu, na kila moja hutambulika kwa idadi ya matundu madogo yaliyotobolewa ukingoni. Fundi anatakiwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku ndipo achague. Anayechukua yoyote iliyopo dukani anamrudisha mteja gereji baada ya muda mfupi. Na hedi ikiwa imepasuka, mpya huuzwa kwa mamia ya pauni hukohuko Uingereza, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 hapa Tanzania.

Taimingi belti ni hadithi nyingine. Injini za mwanzo za 300Tdi zilitoka na puli zisizokaa kwenye mstari mmoja, belti ikaliwa ukingoni, na kiwanda kikalazimika kutoa vifaa vya marekebisho. Belti ikikatika injini inazima papo hapo. Mwenye bahati hukuta pushirodi zimepinda tu. Asiye na bahati hukuta na valvu. Chini ya kifuniko cha belti kuna tundu dogo, ambalo huzibwa kwa bolti wakati wa kuvuka mto. Likiwa wazi na likadondosha oili, ujue oili sili ya ndani imekufa na belti inalowa. Hapo haifai kusubiri kilometa zilizoandikwa kitabuni, na kitabu chenyewe kinataka belti ibadilishwe mapema zaidi kwa gari la kwenye vumbi.

Klachi inaonyesha vizuri kwa nini bei ya spea haitoshi kukadiria gharama. Ndani ya nyumba ya giaboksi kuna foki ya bati inayosukuma beringi ya klachi. Kwa kukanyagwa miaka mingi hutoboka, na pedali hulegea ghafla. Foki ni kitu cha bei nafuu, lakini kuifikia lazima giaboksi ishuke pamoja na transfa yake. Ndiyo sababu mafundi makini, wakishashusha, hufunga foki iliyoongezewa bati na klachi mpya kwa mkupuo mmoja. Mteja anayekataa ili kuokoa pesa atalipa ufundi uleule mara mbili.

Nyuma, sikiliza mlio wa "tak" mguu unapoachia na kukanyaga mafuta. Toa kile kifuniko cha mpira katikati ya tairi: ukikuta unga mwekundu wa kutu, meno ya flanji na shafti yanalika kwa kukosa grisi. Flanji na shafti hubadilishwa bila kushusha ekseli, na ukiwahi, bili haitishi.

Kinachotisha ni chesisi. Bodi ni ya aluminiamu, lakini chesisi ni ya chuma, na gari lililoishi Tanga, Mombasa au Zanzibar huliwa na chumvi kuanzia boriti ya nyuma. Kuchomelea kipande kunawezekana. Chesisi mpya iliyopakwa zinki ni maelfu ya pauni, na kazi yake ni kulivua gari lote.

Spea zinapatikana, Gerezani pale Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, ila ubora wake unatofautiana mno. Kwa taa au bawaba za mlango, kopi inafaa. Kwa pampu ya maji, belti na oili sili, anayenunua ya rahisi analipia vifaa, kisha analipia tena ufundi. Mnunuzi wa Defender iliyotumika alifikie gari likiwa bado la baridi, aombe boneti ifunguliwe kabla halijawashwa, na aanze na tochi pembeni mwa ile pampu ya maji.