Muulize Mteja Shamba Liko Wapi Kabla ya Kutaja Bei

Mvua ya Machi ikianza, maduka ya pembejeo kuanzia Kitale hadi hapa Myanga hujaa watu. Kila mteja ana haraka, na muuzaji naye anataka kummaliza huyu amfikie yule. Hapo ndipo mtu huuziwa kitu kisichomfaa. Kwa nyinyi mnaopokea malipo kupitia till yetu, leo tunaongelea kitu ambacho hakihitaji mtaji: kusikiliza na kuuliza.

Anachotaja si lazima kiwe ndicho kitakachomfaa

Tuseme mama ameingia dukani kwako Myanga. "Mulembe. Nipe H614, pakiti tano." Ni rahisi kumpa, upokee pesa, aende. Lakini H614 ni mbegu ya nyanda za juu kama Kitale, na hukaa shambani takriban miezi 6 hadi 8. Huku kwetu Bungoma, Myanga iko chini zaidi. Huenda mama alisikia sifa zake kwa jamaa wa Trans Nzoia. Kabla hujafika kwa rafu, muulize:

- "Shamba liko wapi, mama?"
- "Mwaka jana ulipanda gani, na ilizaa aje?"
- "Ungetaka kuvuna lini?"

Akikuambia shamba liko hapa hapa, na anataka liwe wazi mapema apande maharagwe msimu wa pili, basi mbegu ya muda wa kati kama H513, inayokomaa kwa miezi 4 hadi 5, inaweza kumfaa zaidi. Akisema anampelekea ndugu yake Kitale, mpe H614 yake. Ukikosea hapa, mama atajua miezi mingi baadaye, akiwa ameshalipia mbolea na palizi. Pesa unaweza kumrudishia, lakini msimu hautamrudishia.

"Bei iko juu" ina maana nyingi

Usikimbilie kupunguza. Muulize kwa upole, "Ulikuwa umepanga ngapi, mama?" Kisha nyamaza. Wauzaji wengi huuliza swali halafu wanalijibu wenyewe. Mwache afikirie, hata kama foleni ni ndefu.

Pengine ana nusu ya pesa na anangoja kijana wake wa Nairobi amtumie nyingine kwa simu. Basi achukue pakiti mbili leo, zile zingine umwekee. Pengine shida si pesa kabisa: aliwahi kununua mbegu feki na anaogopa kuumwa tena. Huyo hata ukimpunguzia hatatulia. Mwonyeshe kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti, akwaruze, atume ile namba kwa SMS kwenda 1393. Jibu atalisoma mwenyewe kwenye simu yake.

Rudia ulichosikia

Kabla ya kufunga hesabu, sema kwa ufupi: "Kwa hivyo ni ekari moja, hapa Myanga, na unataka kuvuna mapema. Ni hivyo?" Hapo ndipo mtu hukumbuka, "La, ni nusu ekari." Ekari moja huchukua kama kilo 10, yaani pakiti tano za kilo mbili. Wa nusu ekari hahitaji tano. Utauza kidogo leo, lakini mteja atajua kwamba ulimsikiliza, na akirudi kutafuta mbolea ya kukuzia atakuja kwako.

Wakati wa kulipa

Taja jumla kwa sauti, mwache mteja aandike namba ya till mwenyewe, na athibitishe jina la duka lako. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako, usitegemee ule wa kwake. Akikwama, muulize, "Simu inakuambia nini?" badala ya kumnyang'anya simu.

Maswali yote haya muulize. Lipo moja tu usilomuuliza mteja yeyote, hata mzee anayekuomba umsaidie kubonyeza: PIN yake.