Vumbi la rangi ya gari ya zamani

Wamama, iwe gari ya mbio, iwe lori la kubeba mchele, rangi yake ya zamani inaweza kuwa na risasi, hasa nyekundu na ya manjano. Fundi akiisugua kwa msasa mkavu uwanjani, vumbi linafika mpaka kwenye masufuria. Mtoto anayetambaa anatia mikono mdomoni, na risasi inaharibu ubongo wake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Basi msasa uchovywe ndani ya maji, mbali na kisima. Vumbi lisifagiwe, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Nguo za fundi (hata akiwa papa wa nyumba!) zifuliwe peke yake. Rangi mpya ikishakauka vizuri, ipakwe nta, gari ikae kivulini: haitasuguliwa tena upesi.