Mpira upi sasa? Akili ya kati ya mtaani ndani ya besiboli

Kama umekulia Mowlem, Umoja ama Kariobangi South, unaijua kati. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa. Enzi zetu mpira ulikuwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, kabla ya marufuku ya 2017. Soksi kuukuu pia ilikuwa fiti.

Kwa ploti yetu aliyeogopwa zaidi hakuwa mwenye mkono mzito. Alikuwa dada mmoja mwembamba aliyecheki miguu yako. Ukiegemea kulia, anarusha kushoto. Ukishamzoea, anajifanya amerusha, unaruka, halafu anakugonga ukitua.

Besiboli inaendeshwa na akili hiyo hiyo, ila kwa mabilioni ya dola. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kilomita 150 kwa saa hufika kabla ya nusu sekunde kuisha. Mpigaji hana muda wa kuuona vizuri ndipo aamue. Sharti abahatishe mapema. Kwa hivyo anayechagua mpira hajiulizi upi ni mkali. Anajiuliza: huyu anangoja nini?

Jibu liko kwenye hesabu. Straiki tatu, mpigaji nje. Boli nne, yaani mipira minne iliyopita nje ya eneo lake bila yeye kujaribu kuipiga, anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Akiwa na straiki mbili na hakuna boli, ana presha, basi unamtupia mpira unaojikunja na kuzama nje, ajaribiwe kuufuata. Akiwa na boli tatu bila straiki, anajua unahitaji kupitisha moja katikati, na anaungoja huo. Ukiwa jasiri unampa wa polepole, kwa mkono uleule wa kasi. Anapiga hewa. Ukikosea, mpira unaruka ukuta.

Anayependekeza kwa kawaida ni mdakaji, yule aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kwa miaka mingi alitumia vidole katikati ya mapaja, na mrushaji akikataa alitikisa kichwa. Ishara hizo ziliibwa. Mwaka 2017 Houston Astros walizinasa kwa kamera, kisha mtu akagonga pipa la taka kumtonya mpigaji. 2020 ligi iliwatoza dola milioni 5. Tangu 2022 mdakaji anaweza kubonyeza kifaa kiitwacho PitchCom, na mrushaji anasikia sauti ndani ya kofia.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama upya video za Dennis Kasumba. Mdakaji huyo wa Uganda alivuma mitandaoni akifanya mazoezi na matairi, na 2023 akafika Marekani kuchezea Frederick Keys. Wengi tulisifu misuli. Lakini tairi haliwezi kukufundisha mpigaji aliyekosa mipira miwili ya kasi anawaza nini. Hilo linataka mechi, mamia ya wapigaji, na ruhusa ya kukosea. Kanda yetu ina mechi chache mno za besiboli. Kasi ya mkono hupimwa kwa mashine, na Mganda mwenzake David Matoma, mrushaji, amesajiliwa na Pittsburgh Pirates. Akili ya mdakaji haina mashine ya kuipima, kwa hivyo ni vigumu kuiuza ukitokea huku.

Hata huko kwao, wadakaji wengi wa vyuo hawaamui. Kocha anachagua kila mpira akiwa benchi, kijana anapitisha ujumbe tu. Makocha husema ni kwa ajili ya ushindi. Mimi naona ni kumnyima kijana somo lenyewe, kisha kushangaa akifika juu hajui kuchagua.

Yule dada wa ploti yetu hakuwa na benchi. Aliamua mwenyewe kila jioni, hadi mamake alipomwita akateke maji.