Uzito wa Gari: Istilahi za Gari la Malazi la Njia Korofi

Makala hii inahusu chombo ambacho hadi sasa hakina jina moja katika Kiswahili, nacho ni gari linalosukumwa na injini kwa magurudumu yote manne, lililoundiwa bodi maalumu yenye mahali pa kulala, kupika na kuhifadhi maji. Watalii wanalifahamu sana. Karakana za Arusha zina uzoefu wa miaka mingi wa kurefusha chasisi za Land Cruiser na kuzitia paa la kuinuka kwa ajili yao. Sisi tunalitazama kwa upande wa mtumishi na mfasiri wa Mbulu au Hanang. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, imekuwa ikipeleka huduma za mama na mtoto katika vijiji vya mbali, pengine kwa gari na pengine kwa ndege ndogo. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang mwezi Desemba 2023 na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh, waliokwenda kusaidia walihitaji mahali pa kulala. Gari la namna hii, basi, si anasa ya wageni peke yao.

Tuanze na jina. Wapo wafasiri wanaoandika "gari la nje ya barabara". Tafsiri hiyo ni ya neno kwa neno na haifai. Anayetoka Mbulu kwenda Yaeda Chini hayuko nje ya barabara; barabara anayo, ila masika yakiingia udongo mweusi wa mbugani hushika magurudumu, na makorongo hujaa maji. Wahandisi wetu wa barabara wamezoea kusema "maeneo korofi" katika taarifa zao, na neno hilo linaeleweka kwa dereva na mkulima pia. Kwa hiyo tunapendekeza "gari la njia korofi". "Gari la kulala" nalo tumeliacha. Watu wa reli wana behewa la kulala, ambamo abiria hulala huku safari ikiendelea. Gari letu sharti lisimame kwanza. "Gari la malazi" linatosha.

Jambo lililotufanya tushike kalamu, hata hivyo, ni neno "uzito". Katika maelezo mengi ya zabuni na vitabu vya watengenezaji vilivyofasiriwa, msemo "uzito wa gari" hutumika kwa dhana nne zilizo mbalimbali, na msomaji huachwa akisie. Dhana ya kwanza ni gari peke yake, bila watu wala mizigo, likiwa na mafuta kidogo tu. Australia, kwa mfano, huhesabu lita 10. Huo tunauita "uzito mtupu". Ya pili ni gari lililokwisha kutiwa mafuta na vimiminika vyake vyote. Huo ni "uzito wa utayari", na hapa mfasiri awe macho, kwani kanuni za Umoja wa Ulaya hutia ndani yake dereva wa kilo 75 na tangi lililojaa kwa asilimia 90, ilhali kwingineko dereva hahesabiwi. Ya tatu ni uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji ameuruhusu, gari na vyote vilivyomo; tunauita "kikomo cha uzito". Ya nne ni tofauti kati ya kikomo na uzito wa utayari, nayo ni "uwezo wa kubeba".

Huenda msomaji akadhani tunapasua unywele. Natuchukue mfano wa hesabu. Gari lina kikomo cha kilo 3,300, na kijitabu kinasema "uzito" wake ni kilo 2,250. Mwandishi wa zabuni anatoa, anapata kilo 1,050, anaanza kugawa. Bodi yenye vitanda, makabati na jiko ni kilo 450. Maji lita 100 ni kilo 100. Watu wanne wa kilo 75 ni kilo 300. Tairi la pili la akiba, winchi, jeki na vifaa vya kujinasua ni kilo 100 nyingine. Zimebaki kilo 100 za chakula, nguo na dawa, naye anaridhika. Kumbe kilo 2,250 za kijitabu zilikuwa uzito mtupu. Gari likitiwa dizeli lita 120 zaidi, ambazo ni kama kilo 100, nafasi yote imekwisha kabla hata mkate haujapakiwa. Neno moja lililofasiriwa kwa ulegevu limekula akiba yote, na fedha za umma zimekwisha kulipwa.

Mafundi watasema: tia springi ngumu zaidi. Springi ngumu huinua gari lililolala kwa nyuma, lakini peke yake haziongezi kikomo cha uzito, kwa sababu kikomo hicho hutegemea pia breki, ekseli, matairi na chasisi. Yafaa mfasiri asiandike "kuongeza uwezo" mahali ambapo maandishi ya asili yanasema kuimarisha springi tu. Anayeshuka Mlima Magara, katika barabara ya Mbuyu wa Mjerumani hadi Mbulu, hutegemea breki na gia, si springi.

Katika mteremko kama huo huonekana pia maana ya "kitovu cha uzito". Keria iliyosheheni juu ya paa hupandisha kitovu hicho, na gari huwa jepesi kupinduka likikaa upande. Ndiyo maana tangi la maji huwekwa chini, katikati ya ekseli mbili.

Dhana nyingine isiyo na jina la kuridhisha ni kujipinda kwa chasisi gurudumu moja linapopanda jiwe na lingine linapoingia shimoni. Tunapendekeza "msokoto", kwa kuwa chasisi husokotwa kama mtu akamuaye nguo. Bodi ngumu iliyofungwa kwa bolti katika pembe zote nne huulazimisha msokoto huo kupita ndani yake. Milango hukataa kufunga na maungio huachia. Dawa yake ni "fremu saidizi", inayokaa kati ya bodi na chasisi na kushikwa katika nukta tatu kwa bushi za mpira, ili chasisi ijipinde nayo bodi itulie. "Fremu ndogo" isitumike. Pengine si ndogo hata kidogo.

"Pembe ya kuingilia" na "pembe ya kutokea" ni za kuvukia korongo. Hupimwa kati ya ardhi na mstari utokao kwenye tairi hadi sehemu ya chini ya bampa, mbele au nyuma. Anayerefusha gari nyuma ya ekseli ili apate kitanda kirefu hupunguza pembe ya kutokea, na mkia utakwangua ukingo.

Kwa upande wa fedha, "bei" na "gharama" zitenganishwe. Bei ni ya gari linapotoka kwa muuzaji. Gharama ni pamoja na kodi, ujenzi wa bodi, na "gharama ya uendeshaji" ya miaka yote, maana kila kilo iliyoongezwa hulipiwa tena katika dizeli, matairi na bushi. Ankara kifani nayo ioneshe uzito wa kila kifaa kando ya bei yake. Safu hiyo haimo katika fomu nyingi, na kuiongeza hakugharimu kitu.

Limebaki paa la kuinuka, ambalo tumelieleza bila kulipatia istilahi ya neno moja. Walimu, wafasiri na mafundi wenye neno linalotumika karakanani na watuletee.