Kudisko bila kufeli

Kila mitihani ya mwisho wa muhula, yaani UE, inapomalizika, wapo wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu wanaodisko, yaani wanaoondolewa masomoni, si kwa sababu walishindwa kujibu maswali, bali kwa sababu hawakuingia ukumbini na hawakumwambia mtu yeyote.

Chukua kijana wa mwaka wa pili, Dar es Salaam. Siku mbili kabla ya mitihani anapigiwa simu alfajiri: mama amefariki, Kigoma. Anafanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya, anapanda basi. Anazika, anakaa matanga, anarudi. Akifungua akaunti yake ya matokeo anakuta masomo hayana alama, na baada ya muda barua ya kuondolewa masomoni. Chuo hakijui kuwa kuna msiba. Kinachojua ni kwamba namba fulani ya usajili haikusaini karatasi ya mahudhurio.

Kwa kanuni za vyuo vyetu vingi, kukosa mtihani bila ruhusa ni jambo zito kuliko kuufeli. Aliyefeli ana sapu, yaani mtihani wa marudio, na akishindwa sapu, vyuo kadhaa humruhusu kukeri, yaani kulirudia somo hilo mwaka unaofuata. Aliyetoweka huweza kuhesabiwa kuwa ameacha masomo mwenyewe.

Njia ya kumwokoa ipo, tena imeandikwa: kuahirisha mtihani. Mwanafunzi anaandika barua kwa uongozi wa idara au kitivo chake, anapita kwa mshauri wa wanafunzi, anaambatanisha uthibitisho kama cheti cha daktari au barua ya mtendaji wa kijiji. Akikubaliwa, atafanya mitihani ile wakati wenzake wanafanya sapu, lakini yake itahesabiwa kuwa ya mara ya kwanza. Hapo ndipo penye faida ambayo wengi hawaijui. Sapu, hata ukiandika majibu ya kustahili A, katika vyuo vingi hurekodiwa C, yaani pointi 2 kati ya 5. Aliyeahirisha hupewa alama zake zote. Kwa anayewania GPA ya 4.4, ambayo ndiyo mlango wa daraja la kwanza, barua hiyo moja ina uzito kuliko usiku mwingi wa kukesha maktaba.

Anayeahirisha mwaka mzima ahakikishe pia kwamba Bodi ya Mikopo imejulishwa. Bodi hutegemea taarifa za usajili na matokeo kutoka chuoni, na asiyefuatilia anaweza kurudi darasani akakuta bumu, yaani fedha yake ya mkopo, halipo.

Najua lipo jibu la haraka: mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, asome kanuni. Ni kweli, na asome. Lakini kanuni hizo zimo ndani ya kitabu kinene cha Kiingereza, na huelezwa wiki ya kwanza, wakati mgeni anahangaika na chumba, ada na foleni ya usajili. Mtu aliyefiwa hakumbuki kifungu cha ukurasa wa mia na kitu. Sioni sababu ya chuo kushindwa kuandika utaratibu wa kuahirisha kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ukabandikwa katika kila bweni na kutumwa kwenye kundi la kila darasa kabla ya UE. CR, yaani mwakilishi wa darasa, aruhusiwe kutoa taarifa kwa niaba ya mwenzake, vielelezo vifuate baadaye. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inayosimamia vyuo hivi tangu mwaka 2005, ina uwezo wa kulifanya hilo kuwa sharti kwa vyote.

Wakati tunasubiri, ombi langu ni kwenu wazazi na ndugu. Mkimpigia mwanenu simu ya msiba au ya ugonjwa siku za mitihani, mwambieni apite kwanza kwa mshauri wa wanafunzi, au amtume CR wake. Nanyi mkamwone mtendaji mapema, ili kijana aondoke nyumbani barua ikiwa mkononi.