Kompyuta ya injini ya lori: Pima waya kabla ya kufungua pochi

WENYE malori ya zamani yanayofanya safari za mikoani na nchi jirani wanaweza kuokoa fedha nyingi iwapo hawataharakisha kununua kompyuta nyingine ya injini kila lori linapogoma kuwaka au kukosa nguvu. Mara nyingi kosa huwa kwenye waya, ethi au sensa, na si kwenye kompyuta yenyewe.

Suala hili lina uzito wa kibiashara. Malori mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania, hasa kutoka Uingereza ambako usukani uko kulia kama huku, ni ya kizazi ambacho injini haiwezi kufanya kazi bila kompyuta.

Injini ya Detroit Series 60 ya Marekani ilitoka na udhibiti wa kielektroniki mwaka 1987. Volvo FH ilifuata mwaka 1993 na Mercedes-Benz Actros mwaka 1996. Malori ya miaka hiyo yangali barabarani, lakini waya zake zimezeeka, plagi zimeingia kutu na baadhi yameshapita mikononi mwa mafundi wengi.

Kompyuta hiyo, ambayo baadhi ya mafundi huiita "kontroli boksi", hupokea habari za joto, mwendo na mgandamizo kutoka kwenye sensa. Kisha huamua kila nozeli itoe dizeli kiasi gani na wakati gani. Inapokosea, hakuna bisibisi ya kuirekebisha kama ilivyokuwa kwa pampu za zamani.

Hasara huanza lori linaposimama

Bei ya kifaa ni sehemu tu ya gharama. Lori likilala, dereva na utingo wanaendelea kula, mwenye mzigo anadai, na marejesho ya benki hayangoji.

Chukua mfano wa tajiri aliyepiga hesabu na kuona kwamba kila siku ya kusimama inamgharimu Sh. 300,000. Lori likikaa siku 10 kungojea kompyuta ambayo halikuihitaji, Sh. 3,000,000 zimekwenda kabla ya bei ya kifaa. Kifaa kikifika, kikafungwa na ugonjwa ukabaki palepale, hesabu inaanza upya.

Ndiyo maana nusu siku ya kupima kwa makini ni rahisi kuliko kompyuta ya bei nafuu kuliko zote.

Mambo ya kupima kwanza

Kipimo cha kwanza ni umeme wa betri. Kwa lori la volti 24, betri mbili zilizojaa zikiwa zimetulia husoma volti 25 na kidogo, na injini ikinguruma alteneta yapaswa kutoa kama volti 28. Alteneta inayopandisha umeme kupita kiasi huweza kuua kompyuta mpya kama ilivyoua ya zamani.

Pili ni ethi. Fundi apime volti kati ya ncha hasi ya betri na waya wa ethi wa kompyuta wakati stata inazungushwa. Akipata zaidi ya nusu volti, kuna kiungo kilicholegea au kilichooza. Kusafisha kiungo hicho ni kazi ya msasa na spana.

Tatu ni fyuzi, rilei na plagi kubwa ya kompyuta. Plagi ichomolewe betri zikiwa zimefunguliwa, ikaguliwe kama ina maji, mafuta, kutu au pini iliyorudi nyuma. Maji yanaweza kusafiri ndani ya mkonga wa waya kutoka mbali hadi kwenye kompyuta.

Nne, na hili huwapoteza wengi, ni umeme wa volti 5 ambao kompyuta hupeleka kwenye sensa. Sensa moja ikipiga shoti, umeme huo huanguka na sensa nyingine zinazoutegemea huonekana mbovu kwa pamoja. Mashine ya kupimia itaonyesha makosa chungu nzima, na fundi mwenye haraka atasema kompyuta imekufa. Dawa ni kuchomoa sensa moja moja huku mita ikitazamwa. Volti 5 zikirudi, mwizi amepatikana.

Nini kiliiua?

Ikithibitika kuwa kompyuta ndiyo mbovu, swali linalofuata ni kitu gani kiliiharibu. Koili ya nozeli iliyopiga shoti huunguza transista zinazoiendesha. Kufunga kompyuta nyingine bila kupima koili zote ni kuipeleka machinjioni.

Sababu nyingine ni kuchomelea chasisi bila kufungua nyaya za betri, kutoa betri injini ikiwa inanguruma, na kuelekeza mashine ya maji ya nguvu moja kwa moja kwenye plagi. Mtikisiko wa barabara mbovu nao hupasua solda ndani ya sakiti, na hapo lori huzima likipata joto na kuwaka tena likipoa.

Njia nne za kupata nyingine

Mwenye lori ana njia nne. Ya kwanza ni kutengeneza kompyuta ileile kwa fundi wa elektroniki mwenye vifaa. Faida yake ni kwamba kumbukumbu za lori hubaki ndani. Inafaa zaidi kwa solda iliyopasuka, kapasita iliyokufa au transista iliyoungua, lakini si kwa sakiti iliyoliwa na maji.

Ya pili ni kununua iliyotumika, na ya tatu ni iliyofanyiwa ukarabati kiwandani. Hii ya tatu kwa kawaida huuzwa kwa amana, ambayo mnunuzi hurudishiwa akikabidhi kompyuta yake ya zamani. Ya nne ni mpya kabisa, ambayo huwa ghali na kwa malori ya zamani huenda isipatikane upesi.

Wengi hukimbilia ya pili, na hapo ndipo fedha hupotea. Kompyuta ya lori si kama radieta ambayo ikienea imetosha. Ndani yake mna programu ya nguvu ya injini, kikomo cha mwendo, namba ya gari na, kwa malori mengi ya Ulaya, siri ya ufunguo wa kuzuia wizi.

Actros 1831 na Actros 1843, kwa mfano, zote zina injini ya OM 501 LA ya karibu lita 12. Ya kwanza ina nguvu farasi 313 na ya pili 428. Kompyuta ya moja ikiwekwa kwenye nyingine bila kupangwa, injini inaweza kukataa kuwaka au kulishwa dizeli isiyolingana nayo.

Kwa Detroit Series 60 yenye DDEC, namba za urekebisho zilizoandikwa kwenye nozeli nazo hutakiwa kuingizwa ndani ya kompyuta. Zikiachwa, mitungi haifanyi kazi sawasawa.

Kwa hiyo, kabla kompyuta ya zamani haijafunguliwa, na kama bado inazungumza na mashine, fundi anakili kila kilichomo. Kazi hiyo ni fupi, na huenda isiwezekane tena baadaye.

Masharti ya kununua

Mnunuzi anayekwenda Kariakoo au Gerezani jijini Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, aende na kompyuta yake mkononi. Alinganishe namba zote za kibandiko, si umbo tu, na aangalie kama skrubu za mfuniko zimewahi kuchezewa.

Kabla ya kutoa fedha, yafuatayo yawe yameandikwa kwenye risiti: namba ya kifaa, siku za majaribio, nani atalipia kupanga programu, na kama fedha zitarudishwa iwapo kitakataa kupangwa. Muuzaji asiyekubali lolote kati ya hayo anauza bahati nasibu.

Bei nayo ilinganishwe kwa jumla yake, yaani kifaa, usafirishaji, kupanga programu na siku ambazo lori litasimama. Kompyuta ya bei ya chini inayohitaji kupelekwa mji mwingine ili ipangwe yaweza kuwa ghali kuliko iliyokarabatiwa na kuletwa ikiwa tayari.

Kwa mwenye malori matatu au zaidi ya aina moja, njia ya busara ni kunakili kumbukumbu za kompyuta zote sasa, malori yakiwa mazima, na kuweka akiba moja iliyokwisha kujaribiwa. Lori likizima Tunduma na mzigo mgongoni, akiba hiyo hupakiwa kwenye basi la jioni na fundi mwenye mashine, na safari huendelea.