Kompyuta imelala usiku kucha, joto limetoka wapi?

Onyo la joto la prosesa huja wakati mbaya: mtu amewasha kompyuta ya mezani akitaka kuanza kazi, skrini inabaki nyeusi na maandishi meupe yanamwambia joto limepita kiasi, abonyeze F1. Dar es Salaam mwezi wa Februari jibu huwa tayari mdomoni, kwamba ni jua na chumba hakina kiyoyozi. Jibu hilo halisimami kwenye hesabu. Joto la prosesa huanzia kwenye joto la chumba na kupanda kutoka hapo, kwa hiyo chumba cha nyuzi 32 kikilinganishwa na ofisi ya nyuzi 22 kinaiongezea prosesa nyuzi 10 hivi, ilhali prosesa nyingi za Intel zimewekewa ukomo wa karibu nyuzi 100. Mashine iliyozimwa tangu jana jioni huamka na joto la chumba. Kutoka 32 hadi 90 kwa muda mfupi, hakuna hata programu moja iliyofunguliwa, si kazi ya jua.

Ndiyo maana swali la kwanza liwe onyo limekuja lini. Likija asubuhi mashine ikiwa baridi, shaka iende kwenye kipoza joto, lile bonge la aluminiamu lenye mapezi na feni juu yake: huenda halijakaa sawasawa juu ya prosesa. Vipoza vingi vinavyouzwa pamoja na prosesa za Intel hushikwa na pini nne za plastiki zinazosukumwa kwenye matundu ya madabodi. Pini moja ikichomoka, upande mmoja unainuka kidogo tu, hewa inapenya katikati, na hewa hupitisha joto vibaya mno. Ile grisi ya kijivu inayopakwa hapo kazi yake ni kuziba mianya hiyo, na kwenye mashine za mtumba mara nyingi imekauka hadi inamegeka. (Wapo pia wanaofunga kipoza kipya bila kubandua nailoni yake ya chini.) Lakini kama mashine ilifanya kazi saa mbili, ikajizima yenyewe, na onyo likatokea ilipowashwa tena, hiyo huenda ni taarifa ya yaliyokwisha kutokea: baadhi ya kompyuta hutunza kumbukumbu ya kuzimika kwa joto na kuitoa safari inayofuata. Hapo angalia vumbi kwenye mapezi na feni kama inazunguka.

Fundi anaweza kusema kipimo chenyewe kinadanganya. Inawezekana, na lipo kosa la karibu zaidi: madabodi nyingine humruhusu mtu kuchagua kiwango cha onyo, na aliyeweka 60 atapigiwa kelele bure. Kulijua hilo hakuhitaji bisibisi. Ingia kwenye bayosi, fungua ukurasa wa vipimo, tazama namba kwa dakika chache. Ikitulia kwenye 50, kagua kiwango kilichowekwa. Ikipanda bila kusimama, zima. Usishangae namba ya hapo ikizidi kidogo ile unayoiona Windows ikiwa imetulia, kwani kwenye bayosi prosesa kwa kawaida haipumzishwi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba prosesa za siku hizi hujilinda, basi hofu ya nini? Ni kweli. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya vipoza vikiondolewa kompyuta zikiwa kazini: Athlon ya AMD ilitoa moshi ikafa, Pentium 4 ilipunguza kasi na kuendelea. Leo kujilinda huko ni jambo la kawaida. Ila kinga yenyewe ndiyo huko kupunguza kasi, na mwenye mashine haambiwi. Anachokiona ni kompyuta nzito, anauziwa RAM, anaondolewa virusi, analipia Windows mpya, na pini ya plastiki bado imening'inia pale pale.